Imefika Wapi?

Kompyuta mpya yenye diski tupu ikiwashwa, haina anwani, haina mfumo endeshi, wala haijui seva iko wapi. Vyote hivyo itaviomba kupitia kebo ya mtandao. Fundi anayeandaa maabara nzima ya kompyuta huitegemea njia hii, maana ikikubali, mashine zote hujipakulia mfumo bila mtu kupita na flashi meza hadi meza. Ikigoma, kioo hubaki cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe. Ustadi ninaousifu huanzia kwenye mstari huo.

Utaratibu wenyewe ulijengwa polepole. TFTP, itifaki ndogo ya kusafirisha mafaili, imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1985 Bill Croft na John Gilmore walitoa BOOTP, iliyoiwezesha mashine isiyo na diski kupata anwani na jina la faili la kuanzia. DHCP ikairithi katika miaka ya 1990, na mwaka 1999 Intel ikatoa toleo la 2.1 la PXE, linalozipanga hatua hizi kama mazungumzo. Mashine hutangaza kwamba inahitaji anwani, seva huitolea moja, mashine huikubali, seva huthibitisha. Kisha mashine huliomba faili ililotajiwa, nayo TFTP kwa kawaida hulituma kwa vipande vya baiti 512, kila kipande kikisubiri kilichotangulia kipokewe.

Kwa kuwa hatua zina mpangilio, hitilafu huonyesha mahali ilipotokea. Msimbo PXE-E61 kwenye mstari ule husema kebo haijashika. PXE-E51: tangazo limetoka, hakuna aliyejibu. PXE-E53: anwani imepatikana, jina la faili halikutolewa. PXE-E32: jina linajulikana, lakini seva ya TFTP haijibu. Mwenye pupa huyaona yote kuwa jambo moja, akaanza kubadilisha kebo, seva na mipangilio kwa mkupuo. Fundi stadi hujiuliza kwanza: imefika wapi? Akishajua, ameziondolea lawama hatua zote zilizotangulia.

Chukua E51. Seva iko hai, kebo ni nzima, kompyuta ya jirani inapata intaneti, ila hii mpya haijibiwi. Huenda seva iko upande wa pili wa ruta. Tangazo halivuki huko mpaka ruta iagizwe kulipeleka. Au chanzo ni swichi. Ili data isizunguke mtandaoni bila kikomo, swichi hufuata kanuni aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, ambayo kwa umbo lake la awali huushikilia mlango uliochomekwa kebo kwa sekunde 30 hivi kabla ya kuuruhusu upitishe chochote. Mashine nyingine huacha kuomba kabla muda huo haujaisha. Jaribio la kuthibitisha hilo linapendeza kwa wepesi wake: weka swichi ndogo ya bei nafuu kati ya kompyuta na ukuta. Swichi hiyo haizimiki kompyuta inapowashwa upya, hivyo mlango wa swichi kubwa hubaki wazi. Mashine ikiwaka, umeshampata mhusika.

Kisa kingine: mashine za zamani zinawaka, mpya zote zinagoma. Ni rahisi kuzilaumu mpya. Lakini ndani ya ombi lake kila mashine hutaja aina yake kwa nambari: 0 kwa BIOS, programu ya kuwashia ya mashine za zamani, 7 kwa UEFI ya biti 64, ile ya mashine mpya. Seva iliyopangiwa jina moja tu la faili humpa kila mwombaji faili la BIOS, na UEFI haiwezi kulitumia. Mashine ilijitambulisha vizuri. Aliyepanga seva hakuipa namna ya kusikia.

Nauheshimu ufundi huu kwa sababu ni kazi ya haki. Haulaumu kabla ya ushahidi. Hubadilisha jambo moja, hutazama, huandika. Kubadilisha mambo matano kwa pamoja kunaweza kuiwasha mashine leo, lakini boksi jingine likifunguliwa kesho, hakuna ajuaye lipi lilisaidia. Vijana wanaoingia kazini hufundishwa mapema menyu za kubonyeza, nazo menyu hubadilika kila toleo. Wafundishwe kwanza mazungumzo yale, hatua kwa hatua, nani husema nini na nani anapaswa kujibu. Anayeyajua ana pa kuanzia hata mbele ya mashine asiyowahi kuiona.