Kioo kwa Kipimo cha Watu

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, bafu ndilo chumba kinachofikiriwa mwisho. Sebule hutafutiwa viti na mapazia, jikoni huingia mbabula mpya ya makaa na sufuria ya bukari, yaani ugali, bafu likaachiwa sabuni na kipande cha kioo kilichopatikana popote. Lakini humo ndimo kila mtu wa nyumba hukutana na uso wake kabla hajaupeleka kwa watu. Miaka ya 1970 sebule nyingi za mji huu zilitundikwa picha za mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, na picha ile ilinunuliwa ili mgeni aione. Kioo cha bafu hakingoji mgeni. Ni cha wenyewe, kila asubuhi, wakiwa bado hawajavaa heshima ya mchana.

Naandika kumsifu fundi anayekipa chumba hicho kioo chake. Mkono wake unaokata bila kuvunja unastaajabisha, na nitausifu kwa zamu yake. Lakini kinachonifanya nimheshimu zaidi ni kwamba, akiwa fundi kweli, hupima watu kabla ya kupima ukuta.

Utamkuta katika mitaa ya Kenya, Katuba au Kampemba, kando ya barabara, penye meza pana iliyotandikwa blanketi kuukuu. Vioo vyake vimesimama wima, vimeegemea ubavu kwa ubavu, kwa sababu kioo kikilazwa huelemewa na uzito wake wenyewe na mtikisiko mdogo hukipasua. Siku nyingi kazi yake ni madirisha: mpira wa watoto umepita, upepo umebamiza ubao, mvua za Novemba zinakaribia na mwenye nyumba amekumbuka pengo la mwaka jana. Kioo cha kujitazamia huja mara mojamoja, na hapo ndipo utakapomtofautisha fundi na mkataji tu. Mkataji huuliza, “Ngapi kwa ngapi?” Fundi hufunga meza yake na kusema twende nyumbani kwanza.

Safari hiyo fupi ina historia nyuma yake. Mji huu ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, haukuchukua muda kugawanywa: Wazungu katikati ya mji, Waafrika katika cité, yaani mitaa yao, na kambi za kampuni, na ukanda mtupu ukawekwa baina yao. Bafu la ndani lenye lavabo, beseni la kunawia, na kioo juu yake lilikuwa jambo la upande mmoja wa ukanda huo. Wa upande wa pili waliolijua, walilijua kwa kitambaa mkononi, maana walikuwa watumishi waliolisafisha. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa. Na mwaka uliofuata mji ukaitwa Lubumbashi. Watu waliofuta vioo vya wengine walikuwa wamekwisha kuona kwamba nao wana sura ya kuandikwa. Kwa hiyo fundi anapoingia leo katika lupangu, kiwanja cha nyumba, huko Katuba kupima mahali pa kioo, anakamilisha jambo ambalo mji ulilianza vibaya. Anaweka kioo mbele ya mwenye nyumba.

Kuna jambo jingine linalokifanya kioo kuwa kitu cha kwetu. Zamani sana Wamisri walisugua shaba mpaka ikaonyesha uso. Baadaye mafundi wa Venezia walipaka bati na zebaki nyuma ya kioo, na mvuke wa zebaki ukawadhuru. Mwaka 1835 Mjerumani Justus von Liebig alionyesha namna ya kuitandaza fedha halisi juu ya kioo kutoka katika maji ya dawa, na kioo cha leo kimetokana na ugunduzi huo. Tabaka la fedha ni jembamba mno, unywele mmoja wa kichwa unaushinda unene wake kwa mamia ya mara. Ndiyo maana likiachwa wazi huliwa na unyevu upesi. Kwa miongo mingi viwanda vimelifunika kwa tabaka la shaba, kisha rangi juu ya shaba, ingawa siku hizi vipo viwanda vinavyoiacha shaba. Kwa hiyo nyuma ya vioo vingi vilivyotundikwa duniani, shaba ilikaa gizani ikilinda fedha inayosifiwa mbele. Mji ulioyeyusha shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na ambao dohani lake na kilima cheusi cha mabaki vinaonekana kutoka mbali, unaielewa kazi ya namna hiyo bila kufundishwa.

Turudi bafuni. Chumba chenyewe ni kidogo, pengine mita moja na nusu kwa mita moja na robo, mlango unafunguka ndani na lavabo imebanwa pembeni. Mwenye nyumba, aliyetembea madukani, anataka kioo kipana kwa sababu ameambiwa upana hukuza chumba. Fundi hajibu bado. Anauliza: “Mama, mu hii nyumba nani iko murefu kupita bote?” Baba anaitwa, anasimamishwa mbele ya ukuta, na fundi anachora mstari mdogo wa penseli usawa wa macho yake. “Na mutoto wa mwisho?” Naye analetwa, ana miaka saba, anasimama wima kama askari, na mstari wa pili unachorwa.

Hapo hesabu inaanza, na ni hesabu nzuri. Kioo kilichosimama wima hukuonyesha utosi wako katikati ya jicho na utosi, na kidevu chako katikati ya jicho na kidevu. Ndiyo maana mtu akitaka kujiona mwili mzima anahitaji kioo cha nusu ya urefu wake tu, na akisogea mbele au nyuma kipimo hakibadiliki. Sasa tuseme macho ya baba yako sentimita 168 kutoka sakafuni. Utosi wake uko juu ya macho kwa sentimita kama 12, basi kioo kifike 174. Macho ya mtoto yako 110, kidevu chake karibu 100, basi kioo kishuke mpaka 105. Jumla ni sentimita 69; fundi atasema 70. Upana wa 40 unatosha uso na mabega, na kubaki. Lavabo ikiwa na kimo cha 80 na kitu, baina yake na kioo inabaki nafasi ya kutosha, maji yasirukie ukingo wa chini. Kioo kirefu chembamba, basi, ambacho kila mtu wa nyumba anajiona ndani yake akiwa amesimama kwa miguu yake. Kile kipana cha dukani, chenye kimo cha sentimita 45, kingemficha baba uso wake wote au kingemwacha mtoto akitazama ukuta. Mara nyingi anayeachwa ni mtoto, kwa kuwa aliyetoa pesa ndiye aliyesimama mbele ya kioo dukani.

Baada ya kimo huja mwanga. Bafu dogo huwa na kidirisha kimoja, juu. Kioo kikitundikwa kuelekea dirisha, chumba kizima kitang'aa, na hilo ndilo linalovutia macho ya anayeingia. Lakini anayejitazama atakuwa amelipa dirisha mgongo. Uso wake utabaki kivulini, naye atajinyoa kwa kubahatisha. Fundi huchagua ukuta wa pembeni, unaokutana kona na ukuta wa dirisha, ili mwanga uangukie shavu kutoka ubavuni na kioo kirudishe kiasi usoni. Umeme ukikatika, jambo tunalolijua, mshumaa mmoja uliowekwa kando ya kioo hicho huwa miwili. Na taa ya ukutani ikiwapo, ikae usawa wa uso. Taa ya darini humchorea kila mtu mifuko chini ya macho, hata aliyelala vizuri.

Kisha anarudi mezani, na sasa niusifu mkono. Blanketi linakung'utwa, kwa maana chembe moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kuchubua rangi ya nyuma, na katika kiangazi chetu vumbi jekundu haliombi ruhusa. Kioo kinalazwa upande wa rangi chini. Anafuta njia ya mkato, anaweka rula, anachovya kigurudumu cha kukatia katika mafuta ya taa. Halafu anavuta mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kusita. Msikilize wakati huo: kuna sauti nyembamba, ya mfululizo, na sauti hiyo ndiyo inayomwongoza. Ikinyamaza, kigurudumu kimeteleza bila kuchora. Ikikwaruza na kutoa unga, amekandamiza mno. Hawezi kurudia juu ya mstari uleule, kwa sababu mstari wa pili huuchafua wa kwanza na ufa hupotea njia. Alichokifanya si kukikata kioo. Amekifungulia ufa mwembamba, na sasa anausogeza mstari hadi ukingo wa meza, anashika pande zote mbili, anabonyeza. Mlio mmoja mkavu, na vipande viwili vimenyooka. Mwanafunzi wake, kijana wa miaka 16 hivi, ameacha kufanya kila kitu ili atazame. Kisha jiwe lililoloweshwa linapita kwenye kingo zote nne, taratibu, mpaka kidole kiweze kutembea juu yake bila woga.

Kipande hicho, mara nyingi, hakikutoka kwenye kioo kipya. Kilikuwa baki la kazi kubwa zaidi, ya saluni au ya kabati la duka, na fundi alikihifadhi akijua kwamba siku moja bafu dogo litakihitaji. Vioo huja kwa malori, vingi kupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka kusini, na kila kilichofika kizima kimeponea chupuchupu. Asiyetupa baki anamheshimu dereva, na anampunguzia gharama mwenye bafu dogo.

Kazi ya mwisho haionekani, na kwa hiyo ndiyo inayopima uaminifu. Juni na Julai usiku hapa ni baridi ya kweli. Maji huchemshwa, mtu huoga katika chumba kilichofungwa, na mvuke hukimbilia vitu baridi, kioo kikiwa kimojawapo. Matone hutiririka mpaka ukingo wa chini na kukaa hapo. Ndiyo maana vioo vya bafu hufa kuanzia chini: weusi huingia pembeni, unatambaa, na baada ya miaka michache uso umezungukwa na kutu. Fundi mwaminifu hupaka kingo rangi au vanishi kabla ya kutundika, hasa ukingo wa chini. Hakibandiki kioo chote ukutani kwa gundi. Anakishika kwa vishikizo vinne na kuacha upenyo wa milimita chache nyuma yake ili hewa ipite. Akilazimika kutumia silikoni, anaikataa ile inayonuka siki, kwa kuwa asidi yake hula fedha.

Hapo ukuta nao hudai haki yake. Nyumba nyingi za hapa zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, mengi ya udongo wa vichuguu, yakapigwa plasta kwa mkono, na ukuta kama huo huwa na tumbo. Kioo chembamba cha milimita 3 kikikazwa juu ya tumbo hilo hujipinda, na uso ndani yake hurefuka au kupanuka. Fundi huchagua cha milimita 4, huweka vipande vidogo vya mpira nyuma ya vishikizo hadi vyote vilingane, kisha husimama mlangoni na kutikisa kichwa polepole, akitazama mstari wa mlango ndani ya kioo. Mstari ukicheza kama maji, anafungua na kuanza upya. Hakuna mteja ambaye angegundua siku ile. Angegundua mtoto wa kike wa miaka 14, mwaka mmoja baadaye, akiamini kwamba ana sura ya upande.

Hili ndilo ninalolisifu. Watu hukiamini kioo kuliko wanavyoamini ndugu zao. Hawakihoji wala hawakiombi ushahidi. Anayekitengeneza ana madaraka makubwa juu ya watu ambao hawatamkumbuka, na akiyatumia vema hakuna atakayeona chochote zaidi ya uso wake mwenyewe. Kazi ya namna hiyo inahitaji maarifa ya mwanga, ya maji, ya ukuta na ya metali, lakini kwanza inahitaji mtu anayeuliza mtoto wa mwisho yuko wapi.

Basi mwenye bafu dogo asianze dukani. Amwite fundi nyumbani, awasimamishe watu wote ukutani, hata bibi aliyeinama, na akubali kioo chembamba iwapo penseli imesema hivyo. Na siku ya kulipa asihesabu sentimita za kioo peke yake. Maswali yaliyoulizwa kabla ya mkato nayo ni kazi, tena ndiyo iliyo ngumu kujifunza. Kijana anayetazama pale mezani ataiona kuwa na thamani iwapo tu ameona inalipwa.