Kuiandaa seva ya DHIS2 kwa saa za Likasi

DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika katika huduma za afya za Kongo, ni programu ya Java inayoendeshwa ndani ya Apache Tomcat, huku data zikikaa katika PostgreSQL. Tomcat yenyewe haijui programu inahitaji kumbukumbu kiasi gani, usanidi wake uko wapi, wala saa hizi ni saa ngapi. Hayo huambiwa kabla haijawaka, katika faili dogo la setenv.sh ndani ya folda ya bin.

Toleo huamuliwa kwanza. Tomcat 10 ilibadilisha majina ya vifurushi vya Java kutoka javax kwenda jakarta, hivyo programu iliyoundwa kwa Tomcat 9 haitawaka humo. Kisha kumbukumbu: -Xmx huweka kikomo cha juu. Mashine ya GB 16 iliyobeba pia PostgreSQL isipewe -Xmx ya GB 14. Linux ikiishiwa, huua mchakato mkubwa kuliko yote, na mara nyingi huo ni Java. GB 8 zinatosha kuanzia.

Kigezo cha DHIS2_HOME huonyesha folda yenye dhis.conf. Nenosiri la hifadhidata limo humo, kwa hiyo faili hupewa ruhusa 600 na Tomcat huendeshwa na mtumiaji wa kawaida, si root. Vigezo hivi visiishie kuandikwa kwenye terminali. Umeme ukikatika, jambo la kawaida Likasi licha ya mabwawa ya Mwadingusha na Koni kuwa jirani, mashine huwaka upya bila kukumbuka kilichoandikwa pale. Tomcat huitika, lakini ukurasa wa DHIS2 hutoa 404.

Herufi nazo zina masharti. Java 17 hufuata lugha ya mfumo endeshi; isipowekwa UTF-8, «Centre de Santé» inaweza kutoka «Sant?» kwenye ripoti. Kuanzia Java 18, UTF-8 ndiyo chaguo-msingi.

Mstari unaopuuzwa zaidi ni wa saa. Kongo ina kanda mbili: Kinshasa iko UTC+1, Likasi na Lubumbashi UTC+2. Bila maelekezo, Java huchukua saa za mfumo endeshi, na aliyeuweka huenda alichagua Africa/Kinshasa kwa kuwa ndio mji mkuu. Fomu iliyotumwa kutoka Panda, mtaa wa Likasi, tarehe 1 Julai saa 00:30 itagongwa muhuri wa tarehe 30 Juni, 23:30. Mwezi wa ripoti hauharibiki, kwani mtumiaji huuchagua mwenyewe; kinachopotoka ni kumbukumbu ya nani aliwahi na nani alichelewa. Kazi za usiku za kuandaa majedwali ya uchambuzi nazo huanza saa moja baadaye kuliko ilivyokusudiwa.

Seva ya nchi nzima haina budi kushika ukanda mmoja. Seva ya Likasi pekee huongezewa -Duser.timezone=Africa/Lubumbashi, na timezone ya postgresql.conf hulinganishwa nayo. Hilo lifanyike kabla ya rekodi ya kwanza kuingia: safu nyingi za tarehe katika DHIS2 huhifadhi saa bila ukanda wake, hivyo kubadili baadaye hakusogezi rekodi za zamani hata dakika moja.