Fundi wa Majina

Mtoto wa kike akizaliwa Nyahanga, Kahama, wakati mvua inanyesha, bibi yake hana haja ya kuhangaika: ataitwa Kabula. Akiwa wa kiume, mara nyingi ni Mabula. Kwa Kisukuma, mbula ni mvua. Na hiyo ka- ni ya udogo, ndugu wa ile tunayoisema kwenye katoto au kajumba. Wakulima walioitazamia mvua tangu jua la Oktoba wanajua uzito wa jina hilo, hata likianza kwa kitu kidogo hivyo.

Kumpa mtoto jina ni ufundi, nami nawasifu kina bibi na wakunga walioumiliki. Katika mambo mengi ya siku ya kuzaliwa, wao huchagua moja, wakalifunga katika silabi mbili tatu zinazoitika vizuri hata mtu akiita kutoka ng'ambo ya shamba. Ukimsikia Kulwa, unamtafuta Doto, pacha wake. Ukimsikia Shija, unajua amewafuata mapacha. Kashindye alitanguliza miguu alipozaliwa. Makoye alikuta nyumba ina shida, na kuitwa hivyo hakumtii aibu. Kunamkumbusha kwamba wazazi walivuka. Milembe alikuja na amani. Familia isiyokuwa na daftari imehifadhi kumbukumbu zake kwa kuitana tu.

Ufundi huu hauko Usukumani pekee: Waromania nao wana wao. Ion akidekezwa huwa Ionel au Ionuț; udogo wanaubandika mwishoni, Wasukuma wanautanguliza. Kote kuwili udogo huo haumwachi mtu akikua. Ionel huzeeka akiitwa Ionel, na Kabula mwenye wajukuu bado ni Kabula. Mapenzi ya siku ya kwanza hayaondolewi na mvi, na hilo ndilo ninalolistahi zaidi katika kazi hii: bibi anamtazama mtoto mchanga huku akimfikiria mzee atakayekuwa.

Lakini kazi hiyo sasa inapita mikononi mwa wageni pia, maana dhahabu imeleta watu wengi ukanda huu wa Wasukuma. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Leo anayeandika jina la mtoto huenda hajui Kisukuma hata neno moja, na mama aliyechoka huona tabu kumsahihisha. Herufi moja ikikosewa kwenye cheti cha kuzaliwa, itamfuata mtoto shuleni, benki na kazini.

Kwa hiyo, ndugu mwandikishaji, kabla ya kugonga muhuri msomee mama jina kwa sauti, usikie anavyolitamka yeye. Nawe mzazi, usiishie kumpa mwanao jina ukanyamaza. Mweleze siku aliyozaliwa kulikuwa na nini na nani alilichagua jina lake. Jina lisilosimuliwa hubaki sauti tupu, na kazi ya bibi inakuwa imepotea bure.