Mstari wa Kame

Kwetu, neno kame humleta msomaji kwenye ardhi iliyokauka, isiyo na jani. Kwa Waanmatyerr, wenyeji wa nyika za Australia ya kati, kame ni mbegu na ua la kiazi pori. Mchoraji wao, Emily Kame Kngwarreye, alilibeba jina hilo, na kiazi hicho akakichora hadi miaka yake ya mwisho; alifariki mwaka 1996.

Rangi na turubai alianza kuvishika mwishoni mwa 1988, akikaribia miaka 80. Mkono, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kuiva. Kabla ya turubai ilikuwapo batiki, na kabla ya batiki ilikuwapo ngozi ya binadamu: katika awelye, ngoma ya wanawake, mwili hupakwa mafuta, kisha mistari ya udongo wa rangi hupitishwa kifuani na mabegani huku wakiimba. Mistari hiyo ni ya ukoo, kama ardhi ilivyo ya ukoo, na mtu hachori asichorithi.

Mwaka 1995 alitandika chini turubai jeusi, mita 8 kwa karibu mita 3. Kwa siku 2 akalijaza mstari mweupe unaojipinda, unaokutana na kuachana, jicho lisijue pa kuanzia. Nimeitazama nakala ya picha hiyo mara nyingi. Mwanzoni niliona mizizi tu. Kumbe kiazi kile kikikomaa, ardhi iliyo juu yake hupasuka, na nyufa ndizo zinazomwonyesha mama mwenye mti wa kuchimbia pa kuchimba. Mstari ni ule ule mmoja: ni mzizi, ni ufa, ni alama ya kifuani.

Wahakiki walimfananisha na wachoraji wa dhahania wa Ulaya na Marekani. Siwafuati. Wale walikuwa wakiviacha vitu nyuma; bibi huyu, alipoulizwa anachora nini, alivitaja kimoja kimoja: kiazi, mjusi, mbegu za nyasi, emu, kisha akasema ni vyote hivyo.

Mpwa wake, Gloria Petyarre, naye mchoraji, alishika majani. Mwaka 1999 yalimpatia tuzo ya sanaa ya Wynne mjini Sydney: majani ya dawa, jani kwa jani, yakipeperuka turubai zima, yale ambayo wanawake wa kwao huyachuma, huyachemsha, na kuyachanganya na mafuta ya kupaka ngozini.