Udongo, Moto na Kioo katika Nchi ya Rufiji

Mwaka 1999 Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha habari ya shanga za kioo zilizofukuliwa Mkukutu, karibu na Kibiti, ambazo asili yake ilitambuliwa kuwa ni dola ya Rumi, na kwa habari hiyo ikapatikana dalili thabiti kwamba watu waliokaa nyuma ya delta ya Rufiji walipokea vitu vya Bahari ya Kati katika karne za mwanzo za miladi, zama ambazo mabaharia wa Kiyunani waliitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani hii. Wasomaji wengi waliustaajabia urefu wa safari ya shanga. Mimi nimevutwa zaidi na vigae vya vyungu vya zama hizo hizo, kwa sababu havina hata tone la kioo juu yake, ilhali utando unaong'aa juu ya sahani na bakuli za siku hizi, ambao mafundi huuita glezi, ni kioo kilichoyeyushwa juu ya udongo kikaushika. Watu waliovaa kioo shingoni hawakukivisha chungu chao kioo. Wala wajukuu wao hawakufanya hivyo, mitungi ya glezi ya rangi ya feruzi ilipoanza kushushwa pwani kutoka Ghuba ya Uajemi. Wala vitukuu vyao, bakuli za kijani za Kichina zilipofika Kilwa. Nataka kulichambua jambo hili kama kazi ya ufundi: vyungu vile vilifanywaje, na haja ambazo kioo huzitimiza vilizitimiza kwa njia gani.

Jawabu jepesi, ambalo husemwa hata na watu wenye elimu, ni kwamba wahenga hawakuwa na moto wa kutosha. Jawabu hilo halisimami. Huko Limbo, kusini ya Dar es Salaam, Chami alifukua mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma ya watu wa zama hizo, na chuma hakitengani na mawe yake pasipo joto la kadiri ya nyuzi 1,150 hadi 1,200 za Selsiasi, ndani ya tanuri inayopulizwa kwa mivukuto. Mavi ya chuma yanayotiririka chini ya tanuri kama hiyo, yakaganda meusi na kumetameta yanapovunjwa, kwa umbile lake yana udugu wa karibu sana na glezi. Basi moto walikuwa nao, na elimu ya kuutawala walikuwa nayo, na kitu shabihi ya kioo kilikuwa kikitoka tanurini mwao wenyewe na kutupwa jaani. Lazima sababu itafutwe katika chombo chenyewe na kazi kilichoumbiwa.

Tuanze na udongo, maana hapo ndipo kazi yote hufuzu au huharibika. Mgeni anayepita delta kwa mashua, akaona tope la mikokoni lilivyo laini na jingi, huenda akadhani kwamba nchi nzima ni shimo la mfinyanzi. Tope hilo halifai. Limejaa chumvi ya bahari na mizizi, tena limejaa kiberiti kilichofungamana na chuma, ambacho kikipata hewa huzaa asidi. Chombo kilichofinyangwa kwa tope hilo hufanya ukungu mweupe wa chumvi juu ya ngozi yake kinapokauka, na kikiingia motoni hutoa harufu ya kiberiti na kubaki na vinyweleo kupita kiasi. Makombe ya chaza yaliyomo ndani yake ni hatari nyingine, kwani moto ukipita nyuzi 700 huanza kuyageuza kuwa chokaa hai, na chokaa hiyo, baada ya siku kadhaa za kukaa rafuni kwa amani, hunywa unyevu wa hewa, ikavimba, ikaubandua ukuta wa chungu kutoka ndani. Kwa hiyo udongo wa kazi hutafutwa juu zaidi, kwenye maji matamu, katika kingo na mabwawa ya uwanda wa mafuriko, ambako Rufiji, baada ya kukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, hulaza mzigo wake wa matope membamba kila gharika inapopungua. Na hata huko kuna kuchagua: udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, hunywa maji mengi mno na kusinyaa mno, na mfinyanzi ama huuacha ama huutia mwenzake wa kuutuliza.

Mwenzake ni mchanga, au vigae vya zamani vilivyotwangwa. Kigae cha kale cha pwani kikivunjwa, aghalabu chembe za mchanga huonekana wazi katika mvunjiko wake, na asiyejua ufundi huona kwamba kazi ni duni kwa kuwa si laini. Mimi naona kinyume. Chembe hizo hupunguza kusinyaa, hufungua njia ambazo mvuke hupitia, na zaidi ya yote huuzuia ufa: ufa unaoanza mahali pamoja hukutana na chembe au tundu, nguvu yake ikatawanyika, ukakoma. Mfinyanzi anayetia mchanga mwingi anauuza ulaini wa ngozi ili anunue subira ya chombo motoni, na biashara hiyo ni ya haki.

Chombo hakikuzungushwa juu ya gurudumu. Donge hufunguliwa kwa ngumi, au kamba za udongo hupandishwa mviringo juu ya mviringo, kisha ukuta huparwa kwa kifuu au kombe mpaka uwe na unene mmoja; na usawa huo wa unene ndio hasa unaotofautisha mkono wa fundi na mkono wa mwanagenzi, kwani mahali pembamba hukauka upesi pakavuta, na mahali panene huchelewa pakakataa. Ukingo ndio unaokauka kwanza, kwa hiyo ndiko nyufa huanzia. Hapo vigae vya zama za kwanza vina jambo la kutazamwa kwa makini. Robert Soper, aliyevieleza vigae vya namna hiyo mwaka 1967 kutokana na machimbo ya Kwale nchini Kenya, alionyesha kwamba alama yao kubwa ni ukingo mnene uliokatwa mishazari, mara nyingi kwa nyuso kadhaa zinazofuatana. Wanachuoni huitumia alama hiyo kuhesabu zama na kufuata uhamaji wa watu. Nami, bila ya kuikataa kazi hiyo, naona mishazari hiyo ni ya fundi kwanza: inakatwa chombo kikiwa kimeshika lakini hakijakauka, inaukaza mdomo mahali pa hatari, na inampa mpishi pa kushika. Kuanzia karne ya 6 hivi ukingo ule ulififia, na mahali pake pakaja mistari ya pembe tatu iliyochorwa kwa ncha shingoni mwa chungu, ambayo imeonekana pwani yote tangu Lamu hadi kusini ya Kilwa na visiwani pia. Chami, katika tasnifu aliyoitoa Uppsala mwaka 1994, alishika hoja kwamba ufinyanzi huu wa pili umezaliwa na ule wa kwanza katika pwani hii hii, wala haukuletwa na wageni. Ninaikubali, maana pambo hubadilika kwa kizazi kimoja, lakini namna ya kuukanda udongo, kuuchanganya na kuuchoma hurithiwa kwa kukaa ubavuni mwa aliyetangulia, na ufinyanzi wa mkono bila ya glezi haukukatika.

Sasa moto. Chungu kilichokaushwa kivulini kwa taratibu, kikapashwa kidogo kabla ya kuzungukwa na kuni, makuti na nyasi, huchomwa peupe, juu ya ardhi. Maji yaliyosalia huondoka kwanza, na yakiharakishwa huwa mvuke unaokipasua chombo kwa kishindo. Baadaye, kati ya nyuzi 450 na 600, huondoka maji mengine, yaliyofungwa ndani ya umbile la udongo wenyewe, na tangu hapo udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima. Moto wa peupe kwa kawaida hufika nyuzi 600 hadi 900, tena hupanda haraka na kushuka haraka. Hewa ikipita vizuri, chuma kilichomo huufanya udongo kuwa mwekundu. Hewa ikizibwa kwa majani na vumbi, huwa mweusi, na moshi hujipenyeza vinyweleoni.

Glezi haiwezi kuishi katika moto huo kwa urahisi. Kioo kinataka kupashwa taratibu, kukaa katika kilele cha joto mpaka kiyeyuke sawasawa, kisha kupoa bila ya upepo kukipiga. Nacho huchukia majivu na mkaa vinavyogusa uso wake. Ingebidi basi tanuri ijengwe, kuni ziongezwe mara nyingi, na chombo kichomwe mara mbili. Na baada ya gharama yote hiyo, chungu cha kupikia kingepata nini? Kikiwekwa juu ya mafiga, ulimi wa moto hukilamba upande mmoja kwa mamia ya nyuzi, ilhali mchuzi ndani hauzidi 100 kwa mbali. Udongo wenye mchanga na vinyweleo huistahimili tofauti hiyo, lakini utando wa kioo, usio na chembe ya kuuzuia ufa, hupasuka nywele kwa nywele, na mafuta na maji ya chakula huingia chini yake yasitoke tena. Na mtungi wa maji ungepata hasara kubwa zaidi, kwani ubaridi wa maji yake unatokana na jasho lake: maji hupenya ukutani, yakageuka mvuke kwenye ngozi ya nje, na mvuke huo huondoka na joto. Mtungi uliofunikwa kwa kioo utakupa maji ya vuguvugu mchana kutwa.

Haja ya kuzuia maji yasivuje wafinyanzi waliitimiza kwa mawe mororo. Chombo kikiwa kimeshika, uso wake husuguliwa kwa kokoto laini mpaka chembe nyembamba za udongo zilale kifudifudi na kushikana, zikatoa mng'ao ambao mgeni huweza kuudhania glezi. Kisha moshi huziba baadhi ya matundu, na upishi wa kwanza wa uji mzito huziba mengine kwa wanga wake. Njia hii haizibi kabisa. Huziba kadiri ya haja, na kadiri hiyo fundi huipima kwa matumizi: zaidi kwa chungu, kidogo kwa mtungi.

Waliotengeneza mitungi ya feruzi walikuwa na haja nyingine. Mafundi wa Iraki walichukua majivu ya mimea ya nchi ya chumvi, yaliyojaa magadi, wakayachanganya na mawe meupe yaliyosagwa na shaba kidogo ya kuleta rangi, wakapata kioo kinachoyeyuka mapema. Na mitungi hiyo ilisafirisha bidhaa baharini, haikupikiwa. Abu'l-Qasim wa Kashan, aliyezaliwa katika ukoo wa wafinyanzi, aliandika mwaka 1301 mizani ya udongo wa vyombo vyao vyeupe: sehemu 10 za jiwe jeupe lililosagwa, sehemu 1 ya kioo kilichosagwa, na sehemu 1 ya udongo mweupe. Mizani hiyo ni ya watu waliolenga meza na ghala tangu siku ya kwanza. Vyombo vya glezi kutoka ng'ambo vilifika kwetu, vikathaminiwa, na katika machimbo ya Unguja Ukuu, Manda na Kilwa vigae vyake huonekana. Lakini siku zote ni sehemu ndogo mbele ya vigae vya wenyeji, kwa sababu jikoni hapakuwa mahali pake.

Anayetaka leo kufanya majaribio ya glezi akiwa Kibiti, na natamani sana wawepo wengi, ashike tofauti hiyo. Aache chungu na mtungi vilivyo, aanze na vikombe, vibakuli na vibia vidogo, ambavyo hula udongo mchache na vikiharibika hasara yake ni nyepesi. Asiguse risasi. Inayeyuka mapema, inang'aa kwa uzuri wa kudanganya, na imewadhuru watu wa Mexico vizazi kwa vizazi kupitia vyungu vyao vya glezi. Katika mapishi ya pwani, yenye ndimu, ukwaju na embe mbichi, ukali wa chakula ungeichota sumu hiyo na kuitia mwilini mwa mlaji. Kwa joto la nyuzi 1,000 hadi 1,060, ambalo udongo mwekundu wa mtoni huweza kulihimili katika tanuri ya umeme au gesi, boraksi itafanya kazi ya kuyeyusha kwa salama zaidi, mradi inunuliwe ikiwa imekwisha kuyeyushwa na kusagwa pamoja na kioo, isije ikachuruzika na maji. Udongo mweupe wa kuishikilia glezi isitiririke uko karibu, katika vilima vya Pugu, vyenye hazina kubwa ya kaolini.

Kwa anayeweza kupata udongo mgumu zaidi na tanuri ya nyuzi 1,250, njia ni pana zaidi. Huko Albany katika jimbo la New York, wafinyanzi wa Marekani wa karne ya 19 walichimba udongo mwembamba uliolazwa na maji ya kale katika bonde la mto Hudson, wakaupaka ndani ya mitungi yao bila ya kuuchanganya na kitu, nao kwa joto hilo ukajiyeyukia kuwa glezi ya kahawia. Matope membamba ya Rufiji, yenye chuma, yanastahili kujaribiwa vivyo hivyo juu ya vipande vidogo, kabla ya kuagizwa poda ya ng'ambo. Na bonde lote ni la mpunga: majivu ya pumba zake huwa na silika, ndiyo asili ya kioo, kwa kadiri ya asilimia 85 hadi 95. Pumba zichomwe mpaka majivu yawe meupe, maana weusi uliosalia ni mkaa. Yasagwe na maji, yachujwe kwa kitambaa, yachanganywe na majivu ya kuni yaliyooshwa chumvi yake na udongo wa mto, kwanza kwa sehemu sawa tatu, kisha kila kipande cha jaribio kikiongezewa sehemu ya kitu kimoja tu huku viwili vikiachwa vilivyo, na nambari ya mchanganyiko iandikwe kwa ncha chini ya kitako, kabla ya moto, mahali ambapo glezi haitafika.