Wakata Upepo

Kila Julai, runinga zinapoonyesha mbio za baiskeli za Tour de France, macho ya watu humwendea mwenye jezi ya njano, anayeongoza mashindano. Mimi nimezoea kumtafuta mtu mwingine. Utamwona nyuma kabisa ya msafara, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ameunyoosha hadi dirishani mwa gari la timu yake, anapokezwa chupa za maji. Ya kwanza anaitia mgongoni, ndani ya jezi. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu, ya nne, mpaka mgongo umefura, kisha anageukia kifuani. Akishajaza anainama, anakanyaga pedeli, na kuanza kupenya katikati ya watu zaidi ya mia wanaokwenda kasi, bega kwa bega, bila kumgusa yeyote kwa kiwiko. Anawagawia wenzake mmoja mmoja. Zikiisha, anarudi nyuma kuchota nyingine. Mtangazaji akimtaja, basi ni kwa sababu kameraman hakuwa na la kuonyesha wakati huo.

Lakini kazi ya maji ndiyo ndogo. Kazi yenyewe hasa ni upepo. Katika tambarare, anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa kiasi cha thuluthi ya nguvu zake, na katika mbio za wiki tatu, zenye hatua 21 na kilomita zinazozidi 3,000, akiba hiyo ndiyo inayomtenga bingwa na waliosalia. Kwa hiyo timu humtanguliza mtu akate upepo, na kiongozi wao akajificha mgongoni pake. Anayedhani hilo ni suala la misuli tu na amtazame tena. Barabara ikianza kupanda kidogo, hakurupuki. Anaongeza nguvu taratibu mpaka aliye nyuma yake asijue kwamba kimepita kilima. Upepo ukivuma kutoka kushoto, anashika ukingo wa kushoto ili amwachie mwenzake kivuli upande wa kulia. Kwenye kona anachagua njia ya kuwatosha wawili, maana yule wa nyuma haoni kitu ila tairi. Na kila baada ya muda, bila kugeuza shingo, anainamisha kichwa na kuchungulia chini ya kwapa lake: lile gurudumu lipo? Likiwa limeachwa hatua mbili, anapunguza. Kuchungulia huko chini ya kwapa ndiko kunakonifanya nimwite fundi. Ana nguvu za kwenda mbio zaidi, na kazi yake ni kutozitumia.

Katika safari ya jahazi, nahodha ndiye anayesifiwa kwa kufika salama; aliyekesha akichota maji ya ngama hapati hata salamu bandarini. Ndivyo ilivyo huku pia. Orodha ya matokeo ikitolewa, jina la mkata upepo hulikuta chini kabisa, nyuma ya mshindi kwa saa tatu au nne.

Mwanzilishi wa mashindano haya, Henri Desgrange, asingempenda. Mwaka 1903, alipokuwa akihangaika kuliuza gazeti lake la L'Auto, aliwatuma watu 60 kuizunguka Ufaransa kwa hatua sita, nyingine zikianza usiku na kupita kilomita 400. Waliorudi Paris walikuwa 21, na aliyewatangulia ni Maurice Garin. Desgrange alitaka mwanamume peke yake na baiskeli yake, asaidiwe na Mungu tu. Kanuni za miaka ile zilimlazimu mtu aliyepasukiwa mpira azibe mwenyewe, na aliyevunjikiwa chuma aunge mwenyewe. Ndiyo maana waendeshaji wa zamani tunawaona pichani wamejivika mipira ya akiba mabegani, mkanda juu ya mkanda.

Kanuni hizo ndizo zilizomkuta mwendeshaji Eugène Christophe milimani Pyrenees mwezi Julai 1913. Hatua ya siku ile ilitoka Bayonne kwenda Luchon, zaidi ya kilomita 320, na Christophe alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa na haki ya kuota ushindi wa mashindano yote. Akiteremka mlima Tourmalet, uma wa mbele wa baiskeli yake ukavunjika. Baiskeli isiyo na uma haiendi. Akaibeba begani, akashika njia ya miguu kuteremka bonde, huku wale aliowaacha nyuma wakimpita mmoja baada ya mwingine. Alitembea kilomita kumi na kitu mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, na hapo akaonyeshwa kiwanda cha mhunzi.

Ujanani Christophe alijifunza kazi ya vyuma. Hilo ndilo lililomwokoa, na ndilo linalonifanya niirudie hadithi hii kila ninapopata msikilizaji. Wasimamizi wa mashindano walisimama mlangoni kuhakikisha kwamba mhunzi hagusi kitu. Mzee wa watu aliruhusiwa kusema, si kushika. Basi Christophe, miguu ikiwa na uchovu wa milima na mwendo wa saa mbili, akachukua koleo, akaingiza chuma motoni, akakiweka juu ya fuawe na kuanza kufua. Mkono mmoja ulishika chuma, mwingine nyundo. Mkono wa tatu hakuwa nao, na moto wa mhunzi bila mivukuto hauwi moto. Palikuwa na kijana wa kiwandani; akamsaidia kuvukuta.

Uma ukaungana. Christophe akaupachika, akapanda baiskeli, akavuka milima miwili iliyobaki na kufika Luchon akiwa amepoteza karibu saa nne. Huko akakuta wasimamizi wameandika adhabu ya dakika kumi kwa sababu ya yule kijana wa mivukuto. Baadaye walizipunguza zikawa tatu. Sijui ni hesabu gani inayompunguzia dakika saba mtu aliyekwisha kupoteza saa nne, lakini ndiyo hekima ya makarani popote duniani. Alimaliza mashindano katika nafasi ya saba. Philippe Thys, Mbelgiji, akashinda. Mwaka 1919 jezi ya njano ilipoanzishwa, wa kwanza kuivaa alikuwa Christophe huyohuyo, na akiwa nayo mwilini, siku chache kabla ya kufika Paris, uma ukamvunjikia tena. Hakuwahi kushinda Tour de France. Pale Sainte-Marie-de-Campan wamemwekea bamba la kumbukumbu, heshima ambayo washindi wengi hawakuipata.

Mwaka 1930 Desgrange alisalimu amri kwa namna yake: akafuta timu za makampuni ya baiskeli na kuweka timu za mataifa. Tangu hapo kumsaidia mwenzako hakukuwa dhambi tena, kukawa wajibu. Aliyeulipa wajibu huo kwa gharama kubwa ni kijana René Vietto, mwenye umri wa miaka 20, mwaka 1934. Alikuwa mgeni katika timu ya Ufaransa, na kwenye milima hapakuwa na wa kumfikia. Siku moja wakiteremka mlima Puymorens, kiongozi wa timu, Antonin Magne, aliyekuwa amevaa njano, akaanguka na gurudumu likaharibika. Vietto akalichomoa la kwake akampa. Magne akaenda. Vietto akakaa juu ya ukuta mfupi kando ya barabara kungoja gari la vifaa, na mpiga picha akamkuta hapo: baiskeli imeegemezwa, gurudumu halipo, machozi yanamtoka, anatazama barabara ambayo wengine wanapita.

Picha hiyo ilizunguka Ufaransa nzima. Kinachosahaulika ni siku iliyofuata. Vietto alikuwa ametangulia mbele, akaambiwa kwamba Magne amepata matatizo tena huko nyuma, kwenye mlima Portet d'Aspet. Akageuza baiskeli, akarudi kinyume na mwelekeo wa mashindano, na kumpa baiskeli yenyewe. Kungoja ni jambo moja. Kugeuza na kurudi, nafsi ikikuambia ungeweza kushinda, ni jambo jingine. Magne alishinda mashindano. Vietto alikuwa wa tano na mfalme wa milima, na hadi anastaafu ushindi wa Tour ulimkwepa.

Ufundi huu si wa Wafaransa peke yao, na sisi huku tuna jamaa ndani yake. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfunza kuendesha kwa kundi ni David Kinjah, katika kibanda chake cha baiskeli mjini Kikuyu, ambako vijana hujifunza kunyoosha ringi kabla ya kujifunza kutamba. Wengi wanakumbuka kwamba Froome alishinda Tour mara nne. Mimi namkumbuka wa mwaka 2012, akipanda kuelekea La Toussuire: akachomoka, kiongozi wake Bradley Wiggins akabaki nyuma, amri ikaja masikioni, na Froome akapunguza mwendo akamsubiri. Alikuwa wa pili mwaka ule, akashinda uliofuata. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu na kuondoka na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, tulipiga vigelegele, na ilikuwa haki yetu. Ila sikumsikia mtu akitaja wakata upepo waliomfikisha kwenye mita mia mbili za mwisho akiwa bado na pumzi.

Nasi tutawasikiaje? Hatutazami mashindano tena, tunatazama vipande. Hatua ya saa tano hukatwa ikawa dakika mbili za simu: bendera, mnyanyuko wa mikono, mwanya wa meno. Saa nne na dakika hamsini na nane zilizotupwa ndimo alimokuwamo fundi wetu. Yeye mwenyewe naye amefungiwa mambo mengi. Sikioni ana redio, kocha yumo garini akimwambia lini aende na lini aache; usukanini ana kioo kidogo kinachompimia nguvu za miguu yake. Chuma kikivunjika hanyanyui nyundo, ananyanyua mkono, na baiskeli mpya inashushwa juu ya gari kabla hajamaliza kushuka. Sidai warudishwe kwa mhunzi. Nalalamika tu kwamba mwendeshaji asiyelazimika kusoma upepo kwa shavu lake, au kuisikia cheni inapoomba mafuta, atasahau kuyafanya hayo, na wanaomfuata hawatajua kwamba yaliwahi kufanywa. Hata mitaani kwetu, gurudumu likipinda siku hizi tunaambiwa tununue jingine. Wazee waliokuwa wakizigonga njiti kwa ukucha na kusikia ipi imelegea wanaondoka bila wanagenzi.

Julai ijayo, washa runinga mapema, zikiwa zimebaki kilomita mia moja. Mtafute anayetangulia mbele ya msafara akichungulia chini ya kwapa, ujifunze namba yake ya mgongoni. Na jioni ukiliona jina lake katika nafasi ya 112, usiseme alishindwa.