Pampu haikuwa na kosa

Mliokuwepo mliona, sitarudia hadithi nzima. Mkonga wa zamani, yaani Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, umelala Nyamongo usiku mmoja. Asubuhi stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Fundi akapima betri na plagi za kupasha, hapo sina neno. Kisha akatoa hukumu: "Mzee, pampu imekufa." Kabla ya saa sita pampu ya nozeli ilikuwa kwenye kiroba, inasubiri basi la Mwanza ikapimwe kwenye mashine.

Hapo ndipo alipoharibu. Utingo alikuwa ameshapiga pampu ya mkono juu ya filta mbele yetu sote: inazama laini, haikazi hata kidogo. Tangi lina dizeli. Basi ama vali za hiyo pampu ya mkono zimechoka, ama njia inavuta upepo, na yote mawili yako kabla ya pampu ya nozeli. 1HZ haina pampu ya umeme tangini. Pampu ya nozeli ndiyo inayovuta mafuta kutoka nyuma. Kwa hiyo mpira wa kutoka tangini ukipata ufa huenda usivuje tone nje, bali unavuta hewa. Ukiupitishia kidole ni mkavu, fundi anaridhika. Gari likilala, dizeli inarudi tangini, asubuhi mnaisulubisha stata.

Kipimo chake ni rahisi. Dumu la dizeli safi juu ya boneti, mpira mweupe moja kwa moja hadi kwenye pampu, toa upepo, legeza nati ya nozeli, piga stata. Dizeli ikiruka, pampu iacheni. Isiporuka, sikilizeni kwanza kama solenoidi ya kuzimia inagonga swichi ikifunguliwa. Badala yake ulifunguliwa ukanda wa taimingi, na sikuona mtu akipiga alama kwenye flanji. Sasa gari lina matatizo mawili.

Na kile kiziba cha maji chini ya filta? Hakikuguswa. Nimeshalalamika kuhusu dizeli ya vidumu na sitaacha. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukomesha uchakachuaji, lakini kinasaba hakitoi maji kwenye dumu lililoshinda mvuani.

Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally na Volvo PV544 iliyokwishatumika, na katika Safari 22 alizoingia alimaliza 19. Porini hakuwa na basi la kupakia pampu. Mafundi wetu wa siku hizi wanajua kubadilisha; kutafuta hawataki.

Pampu ikirudi na jibu kwamba ni nzima, gharama ya mashine na nauli ilipwe na gereji, si mzee wa watu. Na kabla ya kuifunga, badilisheni mpira wa kutoka tangini.